Cheti cha Rweyemamu

Muleba,
14 Februari 1970

Kaka yangu Ishengoma,

Pokea salamu zangu wewe na wifi Joviana, na watoto wote hapo Kahororo. Huku tunapumua. Jua limekaza, mibuni imekunja majani, na mguu wa mama mkwe umevimba tena, kwa hiyo kazi zake zote nazifanya mimi. Lile darasa la watu wazima limeanza kweli. Nimepewa wanafunzi kumi na mmoja. Mkaidi kuliko wote ni mzee Kagaruki, balozi wetu wa nyumba kumi, anayeshika chaki kama anashika panga. Lakini jana ameandika jina lake lote bila msaada na akatuzungushia ubao tuuone.

Sasa nikuambie lililonifanya nichukue kalamu. Ile siku ya Januari tuliyokuja Bukoba mimi na mume wangu, kutafuta kwa nini mwaka wa tano umeingia hatuna mtoto, nilifurahi kwamba ni wewe utakayetupima pale maabara kwa Daktari Laxmidas. Nilijiambia, angalau damu yangu inakwenda mikononi mwa mtu wa kwetu.

Bahasha uliyompa mume wangu Rweyemamu alikaa nayo wiki mbili. Jumapili baada ya misa aliwaita wazee wa ukoo wake, na mama yake, na mzee Kagaruki, akavifungua vyeti viwili mbele yao. Chake kimeandikwa SAFI, na muhuri wa daktari chini yake. Changu kimeandikwa KASWENDE IPO. Alivisoma kwa sauti kubwa. Mimi nilikuwa naingia na sinia la ndizi, nikabaki nimelishika sijui niliweke wapi.

Kaka, mwandiko ni wako. Naujua kwa sababu ndiwe uliyenifundisha herufi. Sijalala na mwanamume mwingine tangu nizaliwe, na hilo nalisema kwako kama ninavyolisema kwa padri. Nieleze basi. Hiyo damu inapimwaje, na inasema nini? Kama ninao ugonjwa huo nimeutoa wapi, ikiwa yeye hana?

Mdogo wako,
Felicitas


Bukoba,
20 Machi 1970

Mpendwa Felicitas,

Barua yako niliipata mapema, ila kazi zimenibana, usinihesabie kosa. Hapa Kahororo wote wazima. Joviana amejifungua mtoto wa nne, msichana, na wenyewe wanasema ana pua yako, maskini. Nilikwenda Kanazi kuwaona wazazi wetu. Tata anakohoa kidogo lakini bado anagombana na kila mtu anayepita kibanja chake, ndipo nikajua ni mzima. Mama anakuulizia. Sijamwambia kitu.

Kuhusu ulichouliza. Mambo ya maabara ni marefu na hayaenei kwenye barua. Kipimo cha damu tunakifanya kwa uangalifu, mara mbili mbili, na Daktari Laxmidas mwenyewe hupitia. La muhimu ni kwamba dawa ipo. Siku hizi kaswende siyo kitu cha kumtisha mtu. Nenda zahanati ya parokia, mwonyeshe Sista Alistidia cheti chako, atakupiga sindano za penisilini na mambo yatakwisha. Usibishane na wazee. Ukibishana nao utawapa la kusema.

Msalimu sana shemeji Rweyemamu. Mwambie zile kamba za kufungia mizigo alizoziagiza nimezipata.

Kaka yako,
Ishengoma


Muleba,
2 Mei 1970

Kaka Ishengoma,

Hongera kwa mtoto. Kama kweli ana pua yangu, mfundishe mapema kuitumia kunusa hatari. Mvua huku imenyesha mpaka daraja la kule bondeni limekwenda, na kahawa itakuwa nyingi mwaka huu. Mama mkwe anatembea.

Sindano nimepigwa zote. Sista Alistidia hakuniuliza kitu, alinishika tu bega, na mimi nikalia kwa sababu ya kule kushikwa. Maana huku nyumbani hanishiki mtu. Nimepewa bakuli langu na kikombe changu. Wageni wakija, anayepika ni binti wa jirani. Katika darasa langu wanawake sita wameacha kuja, na waliobaki hawachukui chaki mkononi mwangu, nawawekea mezani. Mzee Kagaruki peke yake ndiye anayeichukua, naye anasoma sasa, anasoma hata maandishi ya kwenye magunia ya ushirika.

Tumbo la chini linaniuma kama lilivyokuwa likiniuma kabla ya sindano. Na kuna jambo jingine, nitaliandika ingawa aibu inanishika. Unajua mume wangu kila mwezi huvuka ziwa kwenda kisiwani Goziba kununua samaki wakavu, akakaa kambi ya wavuvi siku kumi. Mfuaji wa nguo zake ni mimi. Nimeona madoa ya njano kwenye nguo zake za ndani. Asubuhi namsikia nyuma ya migomba anapokwenda haja ndogo, anaguna kama mtu anayebanwa kidole na mlango. Amekuwa akinywa dawa chungu za miti, anasema ni za mgongo.

Sasa kaka, siku ile Bukoba mimi nilikaa kwenye benchi pale nje. Mimi ulinitoa damu, kisha daktari akaniita nyuma ya pazia. Yeye aliingia kwako akatoka kabla sijamaliza kufunga khanga yangu vizuri, anacheka, ana pamba mkononi. Ulimpima nini? Sikuulizi mambo marefu ya maabara. Nakuuliza nilichokiona kwa macho yangu.

Felicitas


Bukoba,
9 Agosti 1970

Mpendwa Felicitas,

Natumaini barua hii itakukuta mzima. Nimechelewa, najua. Mvua za huku nazo zilizidi, ukuta wa jikoni umeanguka, nimekuwa nikiujenga jioni baada ya kazi. Watoto wazima. Tata amepona kikohozi na sasa anamsumbua katibu wa chama juu ya mpaka wa shamba la kijiji. Daktari Laxmidas ana wagonjwa wengi kupita kiasi, hata hatupati nafasi ya kusema naye.

Nimekutumia kitenge na miche mitatu ya sabuni kwa mkono wa Mushumbusi, yule kondakta wa basi la kuja kwenu. Kitenge alikichagua Joviana. Rangi ni yako.

Vumilia mdogo wangu. Mambo haya hupoa.

Kaka yako,
Ishengoma

Nilikuwa nasahau: zile nguo uzichemshe, usizifikiche kwa mikono mitupu, na baadaye usijiguse macho.


Muleba,
30 Septemba 1970

Kaka,

Kitenge nimekipata, mwambie wifi nimefurahi. Sabuni mbili zilifika, ya tatu Mushumbusi anajua ilikokwenda. Migomba yangu ya nyuma ya nyumba inazaa, nakula mwenyewe.

Barua nzima umeniandikia ukuta na mvua, halafu chini kabisa ukaniambia nichemshe nguo na nisijiguse macho. Nilikwenda nayo kwa Sista Alistidia. Aliisoma, akaniambia anayeonywa hivi haonywi juu ya kaswende. Akasema, "Muulize kaka yako jina la ugonjwa anaoufikiria." Basi nakuuliza jina lake.

Na nakuuliza sasa kwa haraka, kwa sababu siko peke yangu tena. Tangu mwezi wa saba Rweyemamu ameleta mwanamke. Anaitwa Benigna, ana miaka kumi na tisa, baba yake aliwahi kuwa katekista. Padri amekataa kuwapa komunyo, lakini wazee wa ukoo wamekubali, na unajua walikubali kwa nini? Baba yake Benigna aliuliza kama mwanamume huyu hana ugonjwa, maana habari zangu zilikuwa zimemfikia. Rweyemamu akatoa cheti. Mzee wa watu akaona muhuri, akamtoa binti yake.

Nilitaka kumchukia, kaka. Nilijiandaa kabisa. Lakini wiki ya kwanza alikuja na kikombe chake akaketi kwenye kizingiti changu, akaomba chumvi, akanywa maji ya mtungi wangu bila kuuliza. Sasa ana mimba, anatapika kila asubuhi, na mimi ndiye ninayemtekea maji ya kuoga.

Mimi yangu yamekwisha haribika. Huyu bado. Kama kuna neno unalijua, liandike sasa, nami nitalisema hata kama watanifukuza.

Felicitas


Bukoba,
11 Januari 1971

Mdogo wangu Felicitas,

Leo sianzi na habari za watoto, maana nikianza nazo nitaishia nazo, kama barua zilizopita.

Kipimo cha damu tulichokufanyia kinatafuta kaswende. Lakini kuna ugonjwa mwingine ambao kipimo hiki hakiwezi kuutenganisha na kaswende, nao ni buba, ule wa vidonda vya ngozi. Mtu aliyeugua buba utotoni, hata akipona kabisa, damu yake huweza kutoa jibu hilohilo mpaka uzeeni. Wewe uliugua buba. Mimi pia. Unakumbuka tulivyopelekwa uwanjani shuleni Kanazi, tukapangwa mstari, tukachomwa sindano matakoni, ukamng'ata yule mganga? Mwaka wangu wa kwanza wa kazi nilijipima damu yangu mwenyewe, ikasema kaswende ipo. Daktari Laxmidas alicheka sana, akanieleza haya ninayokueleza. Kwa hiyo niliyajua, Felicitas. Nilipoandika cheti chako nilikuwa nayajua. Fomu ina mahali pawili tu, safi au kaswende ipo, na wagonjwa walikuwa wamejaa mlangoni. Nilijiambia nitakueleza baadaye.

Mumeo damu yake ni safi kweli, kwa kaswende. Ila kisonono hakionekani katika damu hiyo hata ukiipima mara mia. Kisonono hutafutwa katika usaha wenyewe. Mwanamume anavua suruali, unachukua usaha palepale unapotoka, unaupaka kwenye kioo, unautia rangi, unautazama kwa darubini. Ni kazi ya robo saa. Kwa mwanamke ni vigumu zaidi. Mara nyingi darubini haikioni ingawa kimo, na ndiyo sababu daktari aliyekutazama nyuma ya pazia hakuona kitu. Hospitali za mbali wana njia ya kuvikuza vijidudu mpaka vionekane. Hapa hatuna.

Nilipaswa kumwambia Rweyemamu avue. Hiyo ndiyo kazi yangu, nawavua watu kila siku, wavuvi, walimu, hata mwenyekiti wa tawi nimemvua. Lakini aliingia akanisalimu kishemeji, "mulamu wangu", akakaa kwenye kiti kama anavyokaa kwetu sebuleni, na ulimi ukanigoma. Mtu aliyemwoa dada yako, utamwambiaje akuonyeshe utupu wake? Ningemtazamaje Tata usoni? Yeye naye aliona ninavyosita, akakunja shati na kunyoosha mkono haraka. Nikatoa damu. Nikaandika SAFI, nikagonga muhuri. Sikuandika safi kwa kipimo gani.

Na tangu hapo kila ulichoniuliza kilikuwa kinanirudisha pale. Nikisema damu yako haina neno, utaniuliza ya kwake, na nikijibu ya kwake, nimesema sikumpima.

Sasa fanya hivi. Benigna apelekwe kwa Sista apate penisilini kabla ya kuzaa. Na ajifungulie hospitali, asijifungulie nyumbani kabisa. Mtoto akipita katika njia yenye kisonono macho yake huvimba siku ya pili au ya tatu, yakatoa usaha, na yasipotibiwa siku ileile huharibika. Hospitali wanamtia matone machoni anapozaliwa tu, dakika moja. Rweyemamu aje Bukoba. Nitamwomba daktari ampime mwenyewe, nami nitatoka chumbani.

Nisamehe ukiweza.
Ishengoma

8 Mei 1971. Felicitas, barua hii imekaa katika koti langu miezi minne. Kila Ijumaa nilikwenda nayo posta na kila Ijumaa nikarudi nayo. Nilikuwa nawaza utaisoma mbele ya wazee na jina langu litajulikana Muleba nzima, na kazi nitafukuzwa. Sasa kazi yenyewe imekwisha. Jengo la Daktari Laxmidas limetaifishwa mwezi uliopita, yeye na mkewe Taraben wanafungasha, na darubini nimeipigilia misumari ndani ya sanduku mimi mwenyewe. Aliponipa mkono wa kwaheri nikaona sina tena ninachokilinda. Naituma leo. Niambie kama bado kuna muda.


Muleba,
2 Juni 1971

Ishengoma,

Sina salamu leo. Utawasalimu watoto mwenyewe.

Barua yako imefika tarehe ishirini Mei. Benigna alijifungua tarehe kumi na tisa Aprili, hapa nyumbani, mikononi mwa mama mkwe, mtoto wa kiume mnene. Rweyemamu alileta pombe ya lubisi na watu wakanywa mpaka kesho yake. Siku ya tatu macho ya mtoto yalivimba. Tulidhani ni moshi. Mama mkwe akayakamulia maziwa ya mama yake, kisha maji ya majani anayoyajua yeye. Usaha ulikuwa unatoka tukiufuta unajaa tena. Mimi nilisema apelekwe zahanati, wakaniambia mwenye kaswende asitoe shauri juu ya mtoto. Siku ya nane Benigna alimbeba mbele ya wote akaenda kwa miguu. Sista alimchoma sindano, akamchoma na mama yake. Usaha ulikauka. Ila ndani ya macho palikuwa pameshakuwa peupe.

Unauliza kama bado kuna muda. Ulipokuwa unakwenda posta Ijumaa na kurudi, mtoto huyu alikuwa bado tumboni. Januari alikuwa bado tumboni, Februari, Machi, na Pasaka ilipopita alikuwa bado.

Nilikuahidi nitasema, na nilisema. Niliwaita wazee walewale nikawasomea barua yako yote, buba, darubini na suruali. Nilisoma hata mahali unaposema ulimi ulikugoma. Rweyemamu hakukasirika. Aliingia chumbani akatoka na cheti, akauliza kipi ni kitu cha daktari, hiki chenye muhuri au karatasi ya kaka anayemtetea dada yake? Mzee Kagaruki akakichukua. Aliweka kidole chini ya herufi moja moja, kama nilivyomfundisha mimi, akasoma "sa-fi". Akasoma mara ya pili. Wakatawanyika. Nikamtuma mtu amwambie Rweyemamu twende sote tukapimwe upya hospitali, akajibu yeye alishapimwa. Wiki iliyopita amevuka tena kwenda Goziba.

Mama mkwe anasema macho ya mtoto yameharibiwa na damu yangu, kwa sababu nilikuwa nikimtekea Benigna maji. Wengi wanaamini hivyo. Benigna haamini. Aliisikiliza barua yako yote amesimama mlangoni, na jioni alihamia kwangu na mtoto wake. Tumbo langu Sista amelishika, ameniambia bila kuficha kwamba kwa maumivu ya muda huu wote mirija ya uzazi itakuwa imeziba, na hapa hakuna kipimo cha kuonyesha wala mtu wa kuizibua. Kwa hiyo hilo nalo nimeliacha.

Usije Muleba. Nakuandikia haya kwa utulivu, sijakasirika leo, lakini usije. Ningekuwa na adui aliyenifanyia hivi ningejua la kufanya. Wewe nakupenda, na kukupenda huko kunanichosha kuliko kufua.

Jana Benigna aliniomba nikuulize kitu. Anataka kujua kama kuna kipimo cha mtoto mchanga cha kuonyesha kama labda bado anaona japo kidogo, japo mwanga. Nilimwambia nitakuuliza. Baadaye nikaona hatuna haja ya kukusubiri. Saa sita mchana tulimtoa nje, jua limesimama juu ya kibanja, tukamlaza mapajani na kumgeuzia uso juu. Tulimtazama wote wawili kwa muda mrefu. Hakufumba macho.

Felicitas